Ruhusa si Likizo: Askari Aliyevua Magwanda na Haki ya Kuuliza



Kuna maneno mawili ambayo kamusi huyaweka karibu, lakini maisha huyaweka mbali: ruhusa na likizo. Ruhusa huombwa, na anayeombwa anaweza kuikataa bila kutoa sababu. Likizo huhesabiwa. Ni siku ambazo mfanyakazi amekwisha kuzitolea jasho, na mwajiri hana mamlaka ya kuzifuta. Ana mamlaka ya kupanga tu zitachukuliwa lini. Askari huishi kwa neno la kwanza. Raia aliyeajiriwa anastahili kuishi kwa neno la pili. Leo nataka kuzungumza juu ya watu waliotoka katika neno la kwanza wakaingia katika la pili bila mtu yeyote kuwaambia kwamba wamevuka mpaka. Nao ni askari wastaafu wanaorudi kufanya kazi za kiraia katika taasisi za kijeshi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Jinja. Jeshi la nchi yetu limetumia Kiswahili tangu enzi za King's African Rifles, na kwa sababu hiyo wazee wengi waliostaafu jeshini wanakijua Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza. Mikataba yao ya kazi, hata hivyo, huandikwa kwa Kiingereza. Basi karatasi hizo huishia mezani kwangu. Mzee huja na bahasha ya kaki, huketi, husema, "Mwalimu, hebu nisomee hapa," nami humsomea. Kwa njia hiyo nimejifunza mambo ambayo hayamo katika mtaala wowote.

Mmoja wa wazee hao alikuwa fundi wa magari jeshini kwa miaka ishirini na miwili. Jina lake silitaji, wala kituo anachofanyia kazi. Baada ya kustaafu aliajiriwa kama raia katika karakana ya kijeshi, akayatengeneza magari yaleyale aliyokuwa akiyatengeneza zamani, ila sasa amevaa ovaroli badala ya magwanda. Katika karakana hiyo yumo pia kijana aliyetoka chuo cha ufundi, ambaye hajawahi kuwa askari. Wanaingia saa moja ile ile, wanatumia vifaa vile vile, na cheo chao katika mkataba ni kimoja. Kijana anamwita mzee "afande", na gari linapomshinda humwita aje alisikilize. Kijana analipwa shilingi 900,000 kwa mwezi. Mzee analipwa 600,000. Mkataba wa kijana unataja siku 21 za likizo kila mwaka. Mkataba wa mzee hautaji hata moja. Krismasi tatu mfululizo, kijana alikuwa nyumbani kwao na mzee alikuwa chini ya lori.

Mzee aliwahi kuuliza, mara moja tu, naye aliuliza amesimama wima. Alijibiwa kwa sentensi mbili. Ya kwanza: "Wewe una pensheni yako." Ya pili: "Tena wewe bado ni askari, ukiitwa unakuja."

Kazi ya mwalimu wa lugha ni kuzichambua sentensi. Natuzichambue hizi mbili, kwa maana ndani yake mna hoja yote ya wale wanaoona kwamba askari mstaafu anaweza kulipwa kidogo na kupumzika kidogo.

Tuanze na pensheni. Hoja yenyewe si ya kipuuzi. Anayeitoa anasema kwamba hazina ni moja, na si haki mtu mmoja achote humo mara mbili wakati wengine hawajachota hata mara moja. Hoja hii imesumbua hata mataifa tajiri. Mwaka 1964 Marekani ilipitisha sheria iliyosema kwamba afisa wa jeshi la kudumu anayestaafu na kisha kuajiriwa kama raia serikalini atakatwa sehemu ya pensheni yake ya kijeshi. Askari wa vyeo vya chini hawakukatwa, wala maafisa wa akiba. Sheria hiyo ilijadiliwa kwa miaka mingi, mwishowe ikafutwa kuanzia Oktoba 1999.

Katika likizo, tofauti bado ipo huko hadi leo. Mtumishi wa serikali kuu ya Marekani hupata siku 13 za likizo kwa mwaka akiwa na utumishi wa chini ya miaka 3, siku 20 akiwa kati ya miaka 3 na 15, na siku 26 akifikisha miaka 15. Aliyelitumikia jeshi miaka michache akaondoka bila pensheni huhesabiwa miaka yake yote ya jeshini. Aliyestaafu kwa pensheni baada ya miaka 20, kwa kawaida huhesabiwa ile tu aliyoitumia katika vita na operesheni zinazotambuliwa na sheria, isipokuwa kama alistaafu kwa sababu ya jeraha la vitani. Kwa hiyo wastaafu wawili wanaweza kukaa meza moja, katika wizara moja ya ulinzi, mmoja ana siku 13 na mwingine 26. Tangu mwaka 2004 kuna sheria inayoziruhusu idara za serikali kuipunguza tofauti hiyo kwa kumhesabia mstaafu uzoefu wake wa jeshini, endapo unahusiana na kazi anayoiingia. Ila makubaliano hayo ni lazima yafanywe kabla hajaanza kazi. Aliyejua kuuliza kabla ya siku ya kwanza hupata. Aliyenyamaza akaja kuuliza baadaye huambiwa kwamba muda umepita.

Nimeueleza mfano huo kwa urefu ili tuone jambo moja. Huko tofauti ipo, na wengi huilalamikia, lakini imeandikwa. Ina sababu inayoweza kusomwa, ina tarehe ilipoanza, na ilipoonekana haifai sehemu yake ilifutwa na bunge. Tofauti ya karakana yetu haikuandikwa popote. Hakuna sheria ya Uganda inayosema kwamba fundi mwenye pensheni alipwe theluthi mbili ya mshahara wa fundi asiye nayo. Kuna mtu aliyeamua hivyo akiwa ofisini kwake, na uamuzi huo haukuhitaji kujitetea mbele ya yeyote.

Hata pasipo sheria, hoja hiyo ina kasoro ya mantiki. Pensheni ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa. Mzee wetu alilala porini kaskazini mwa nchi wakati wa vita na Lord's Resistance Army, na sehemu ya ujira wa siku hizo ndiyo anayoipokea sasa. Mshahara wa karakana ni malipo ya gari linalotengenezwa leo. Kumpunguzia ujira wa leo kwa sababu alilipwa wa jana ni sawa na kwenda dukani, ukamwambia muuza sukari apunguze bei kwa kuwa mwaka jana alipata faida nzuri. Nakiri kwamba mishahara inaweza kutofautiana kwa haki. Cheti, wajibu, hatari ya kazi na ugumu wake, vyote hivyo ni sababu halali. Kama kijana analipwa zaidi kwa ajili ya cheti chake cha ufundi, mwajiri na aseme hivyo, na mzee atajua aende akafanye mtihani gani. Lakini pensheni si ujuzi wala si upungufu wa ujuzi. Haihusiani kabisa na lori lililo mbele yao.

Tuje kwenye sentensi ya pili: "Wewe bado ni askari." Hapa ndipo sheria yetu inaposema waziwazi, na ndipo raia wengi wasipojua. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 40, inalitaka Bunge litunge sheria za kuhakikisha malipo sawa kwa kazi sawa bila ubaguzi. Ibara hiyo hiyo inataka kila mfanyakazi apate mapumziko, saa za kazi za kiasi, likizo yenye malipo, na ujira kwa siku za sikukuu za kitaifa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ikafuata. Inatoa siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4 ya utumishi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Inataka mfanyakazi asifanye kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku moja ya mapumziko.

Je, sheria hiyo inaligusa jeshi? Sheria yenyewe inajibu. Inasema kwamba haitumiki kwa Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda, isipokuwa kwa wafanyakazi wake wa kiraia. Soma tena maneno hayo, msomaji: isipokuwa kwa wafanyakazi wake wa kiraia. Askari aliye kazini hana siku 21 kwa mujibu wa Sheria ya Ajira. Ana taratibu nyingine za utumishi wake. Lakini siku aliyokabidhi magwanda, akapokea barua ya kustaafu na kutia saini mkataba wa kiraia, alivuka mstari ulioandikwa na Bunge. Mkubwa wake wa zamani anaweza kuendelea kumwita kwa cheo, naye anaweza kuendelea kupiga saluti kwa heshima. Heshima hiyo ni nzuri, ila haibadilishi sheria inayomhusu.

Nilipomweleza mzee haya, hakufurahi kama nilivyotarajia. Alinyamaza, kisha akaniambia, "Mwalimu, mimi siwezi kudai mshahara. Hayo ni maasi."

Neno hilo lilinifanya nifikiri sana, kwa sababu tuko Jinja. Katika kambi ya mji huu huu, mwezi Januari 1964, wanajeshi waligoma wakidai nyongeza ya mishahara. Waziri Felix Onama alipokuja kuzungumza nao, walimzuilia. Tanganyika na Kenya zilikuwa na machafuko kama hayo wiki hiyo hiyo, na katika nchi zote tatu serikali changa zililazimika kuwaita askari wa Uingereza kuja kuwazima askari wao wenyewe. Nyuma ya tukio hilo kulikuwa na historia ndefu. Jeshi la kikoloni liliwalipa askari Waafrika chini ya Waingereza waliopigana nao vita vimoja, wakiwemo waliovuka bahari kwenda Burma, na uhuru ulipokuja wengi walitazamia hesabu hiyo isahihishwe upesi. Haikusahihishwa upesi kama walivyotaka, na hawakuwa na njia nyingine ya kuuliza ila ile waliyoitumia.

Tangu wakati huo, vizazi vya askari vimefundishwa kwamba kuuliza juu ya mshahara ni hatua ya kwanza ya uasi. Katika kambi yenye silaha, huenda fundisho hilo lina sababu yake. Tatizo ni kwamba hakuna anayelifuta siku ya kustaafu. Kati ya mwaka 1992 na 1995 Uganda iliwapunguza jeshini askari zaidi ya 36,000, na wengine wengi wamestaafu baadaye. Walipewa vifaa vya kuanzia maisha mapya na nauli ya kurudi kwao. Laiti katika furushi hilo pangewekwa karatasi moja yenye maneno haya: kuanzia leo, lalamiko lako si maasi, ni haki yako, na kuna ofisi inayongoja kulipokea.

Kwa raia, mambo yamegeuka chini juu. Sheria ya kazi haizunguki karakana moja baada ya nyingine ikitafuta nani kadhulumiwa. Inangoja kuulizwa. Askari alifundishwa kwamba mfumo unamwona na utamshughulikia akitulia kwenye mstari. Raia anayetulia kwenye mstari husahauliwa. Kwa hiyo sifa ile ile iliyomfanya mzee wetu kuwa askari bora, yaani utii usio na maswali, ndiyo inayomfanya kuwa mfanyakazi rahisi wa kupunjwa.

Na wapo waliojua thamani ya utii huo sokoni. Baada ya Marekani kuivamia Iraq mwaka 2003, kambi zake zilihitaji walinzi wengi, na kampuni binafsi zilipewa zabuni za kuwatafuta. Kuanzia mwaka 2005 maelfu ya Waganda walikwenda huko, wengi wao wakiwa wamewahi kuwa askari au polisi. Walikuwa raia kwa mkataba, wakishika bunduki kwenye lango la kambi ya kijeshi. Walisimama pamoja na watu wa mataifa mengine, wakiwemo Waperu, na Wamarekani na Waingereza waliofanya kazi za ulinzi nchini humo walilipwa mara nyingi zaidi yao. Mwanzoni Mganda aliweza kupata zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi. Kadiri kampuni zilivyoshindania zabuni kwa kushusha bei, ujira ulishuka hadi karibu dola 600, kisha kuna waliosaini kwa 400. Hatari ya langoni haikushuka. Waliokuwa tayari kwenda walikuwa wengi, na waliozoea kutouliza hawakuuliza.

Tofauti ya ujira haiishii siku ya malipo. Marekani ina sheria ya mwaka 1941 inayowapa fidia wafanyakazi wa kampuni za namna hiyo wanapoumia au kufa kazini katika kambi zake ng'ambo, na inawahusu hata wasio raia wake. Aliyelemaa kabisa hulipwa theluthi mbili ya wastani wa ujira wake wa wiki. Kwa hiyo aliyelipwa dola 400 hubeba udogo wa mshahara huo hadi kwenye kigari cha walemavu, na akifa mjane wake huurithi. Zaidi ya hayo, sheria hiyo inaruhusu malipo yote ya baadaye ya mtu asiye raia wala mkaazi wa Marekani yamalizwe kwa mkupuo mmoja ulio sawa na nusu ya thamani yake. Na kwa kawaida dai la fidia hutakiwa kufikishwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuumia. Mtu aliyerudi kijijini akingoja kuitwa huukuta mwaka umekwisha. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katika habari hii, asiyeuliza hanalo alipwalo.

Sasa, nini kifanyike? Sitaki kumalizia kwa kulaumu tu. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake ndani ya wiki 12 tangu aanze kazi: kazi yake ni ipi, mshahara ni kiasi gani na hulipwa lini, saa za kazi ni ngapi, likizo ni siku ngapi. Karatasi hiyo ndiyo silaha ya raia. Asiyekuwa nayo aiombe kwa barua, abaki na nakala yenye tarehe. Aandike katika daftari kila sikukuu aliyoitwa kazini, kwa maana siku hiyo haipaswi kupotea bure, inapaswa kufidiwa. Akiona tofauti kati yake na mwenzake, aulize kwa maandishi sababu yake ni nini, bila matusi na bila kumtaja mwenzake kwa ubaya, kwani kijana wa karakana si adui wa mzee. Jibu lisipokuja, aende kwa afisa kazi wa wilaya. Huko ndiko lalamiko linakoanzia, na likishindikana kuna Mahakama ya Viwanda inayoamua migogoro ya kazi. Yote hayo hayahitaji mtu kupaza sauti.

Mzee wetu alichukua wiki tatu kuamua. Kisha aliandika barua yake mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa askari ulionyooka kama gwaride. Mimi niliitafsiri tu. Hakuomba ruhusa ndani yake. Aliandika: "Nataka kujua siku zangu za likizo kwa mujibu wa Sheria ya Ajira, na sababu ya tofauti ya mshahara wangu." Nakala moja ilikwenda kwa afisa kazi. Baada ya mwezi mmoja alipewa karatasi mpya inayotaja siku 21. Kuhusu mshahara ameambiwa kwamba jambo hilo linashughulikiwa, na hadi ninapoandika haya bado anapokea 600,000. Tumekubaliana kwamba mwezi ujao ataandika barua ya pili.

Msomaji, huenda nyumbani kwenu yuko baba, mjomba au shangazi aliyewahi kuwa jeshini, na sasa ni dereva, mpishi, mlinzi au karani mahali fulani. Mwombe akuonyeshe mkataba wake. Usimwambie kwamba anadhulumiwa, kwa sababu huenda hadhulumiwi, na pia ataona unamdharau. Msomee tu polepole, mstari kwa mstari, kwa lugha anayoielewa. Mkifika kwenye likizo, mwulize ni siku ngapi, kisha mwache ahesabu mwenyewe.